Nasra, Nimeziangalia Tena Filamu Zetu

Nasra mwanangu,

Mama yako ndiye anayeandika. Sijui kama utafika mwisho wa barua hii au utaipita kama unavyozipita simu zangu, lakini nimeambiwa kwenye ukurasa huu wa vijana wanaochambua filamu ndiko unakoshinda, basi nimeona nikufuate huku huku. Nimeandika kwa mkono siku nne, kidogo kidogo, na Eliza ndiye anayeninakilia kwenye simu yake. Eliza ni mpangaji mpya, yuko chumba cha mwisho kule uani, anasoma chuo. Nimemwambia asinisahihishe sana, usije ukadhani kuna mtu ameniandikia. Unajua mimi niliishia darasa la tano.

Miezi minane sijaisikia sauti yako. Kila nikimpigia baba yako mdogo huko Dodoma ananijibu, "Shemeji, Nasra mzima kabisa, anakusalimia." Nami najua hujanisalimia, ni yeye ananipoza. Wewe ukimsalimia mtu kweli huwa unataja kitu. "Mwambie mama asisahau dawa ya presha." "Mwambie mama apunguze chumvi kwenye bagia." Salamu tupu namna ile haitoki kwako.

Nimekuja na mambo mawili. La kwanza, kazi yako niliyoiharibu najaribu kuirudisha, filamu moja moja. La pili nimeligundua nikiwa katikati ya hiyo kazi, na tangu nilijue sina raha, chakula nakila kwa sababu dawa haitaki tumbo tupu.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana wenzako wa humu hawatujui.

Unakumbuka siku baba yako mdogo alipotuunganishia ile huduma ya filamu kwenye tivii, akasema tutaitumia wote, yeye kule na sisi huku? Mimi nilizoea filamu za kutafsiriwa, zile za kununua dukani, ambazo kuna mtu anaongea Kiswahili juu yake mwanzo mpaka mwisho, anawasemea wote, wanaume kwa wanawake, na utani wake anatia. Hizi zako hazikuwa na mtu. Watu wanafungua midomo, kinatoka Kizungu, na maandishi yanakimbia chini kama yanafukuzwa. Nikakuambia, "Hii imekuja mbovu, haina mtafsiri." Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukasema, "Mtafsiri si mimi hapa, mama? Kaa."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Nikishamaliza bagia za asubuhi, nikishaswali adhuhuri, mafuta yakiwa yanapoa kwenye karai yakisubiri zamu ya jioni, saa nane kamili unafungua. Bi Tatu wa chumba cha mbele anakuja na mkeka wake. Wewe unakaa pembeni ya tivii na rimoti mkononi kama mwalimu. Wavulana unawatolea sauti nzito, wasichana unawasemea puani. Mlango tuliuacha wazi kwa joto, na wale wabeba marobota wanaopita kwenye korido yetu kwenda stoo walikuwa wakisimama na mzigo begani. "Dada mtafsiri, ongeza sauti!" Nawaambia, "Nyie, robota hilo si la kwenu, mwenyewe anangoja!" Na mimi mwenyewe sitaki kuondoa macho.

Zote zilikuwa za vijana. Bi Tatu alikuwa haishi kulalamikia hilo. "Humo hamna ya watu wazima? Nimechoka na watoto hawa wasio na shughuli."

Ukamjibu, "Bi Tatu, hizi ndizo ninazozichambua. Ukitaka za wazee ukalale, utaota."

"Mwone! Nitakuchapa kandambili mie."

Na pale wanapokaribiana nyuso unabonyeza rimoti chapuchapu, unasema, "Hapa wanaagana." Filamu moja waliagana mara tano. Bi Tatu akauliza, "Hao wanaagana tu, safari yenyewe ya wapi?" Hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu kicheko kinaishia njiani kwa sababu hakuna wa kukipokea.

Filamu ikiisha ulikuwa unachukua daftari lako kubwa la jalada gumu, unainama. Ulikuwa umeshamaliza kidato cha nne. Nikakuuliza, "Shule imekwisha, unaandika nini tena?"

"Nachambua filamu, mama."

"Unachambua kama mchele?"

"Hivyo hivyo. Natoa mawe."

Nikacheka, nikaenda zangu kuloweka kunde. Sikuuliza tena. Miaka miwili nakuona unaandika na sikukuuliza tena.

Sasa niliseme lile linalopaswa kusemwa mbele za watu. Wasiojua biashara yetu wajue kwamba bagia zinakula karatasi. Mitihani ikiisha, kila mwenye mtoto hapa mtaani ananiletea madaftari ya zamani, mimi nampa bagia za moto, nachana kurasa, nafungia wateja. Ndivyo alivyofanya mama yangu na ndivyo ninavyofanya mimi. Kwetu daftari ambalo shule yake imekwisha ni karatasi ya bagia, hakuna anayefikiria mara mbili. Wewe ukaenda Buguruni siku tatu kwenye harusi ya binamu yako. Karatasi zikaniishia asubuhi, wateja wamesimama. Nikainama chini ya kitanda chako, nikakuta madaftari matano makubwa, yameandikwa pande zote. Nikasema alhamdulillahi.

Siku ya kwanza muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara akarudi ameshika karatasi yenye mafuta. "Mama Nasra, hii imeniishia patamu. Hapa ndiyo binti anakaribia kugundua nani aliyemwibia, halafu basi. Nipe inayofuata."

"Inayofuata kaondoka nayo muuza viatu."

Akavuka barabara kweli, akamfuata muuza viatu. Siku ya pili watu walikuwa wakibadilishana kurasa pale kwenye benchi. Mmoja anasoma, wengine wanatafuna. Nasra, mimi nilifurahi. Nilidhani biashara imekaa vizuri. Hata sikuangalia kilichoandikwa, mikono yangu ilikuwa na unga.

Siku ya tatu, mchana, ukarudi na begi lako begani. Kulikuwa na baba mmoja anasoma kwa sauti na kucheka, chachandu inachuruzika juu ya mwandiko wako. Uliichukua ile karatasi mkononi mwake na bagia zikiwa ndani yake. Ukaitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikasema kwa furaha kabisa, "Umeona? Karatasi zako watu wanazigombania."

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua la kufanya. Uliuliza, "Yamebaki mangapi?" Nikakuonyesha moja, na lenyewe nusu. Ukalichukua, ukalifuta kwa upindo wa kanga yako, ukasema, "Miaka miwili, mama." Na mimi kwa woga, maana nilishaona nimefanya jambo ila sijui ukubwa wake, nikasema, "Mwanangu, si karatasi tu? Nitakununulia nyingine, nyeupe."

Naamini ni neno hilo lililokutoa nyumbani. Madaftari ungenisamehe.

Wiki moja baadaye ulipanda treni kwenda kumsaidia baba yako mdogo kwenye duka lake la kuuza kalamu na madaftari. Hukuniambia saa ya kuondoka, kwa hiyo sikukusindikiza hata hapo stesheni ambapo ni mwendo wa miguu. Nilikuwa nimekuandalia bagia za njiani. Nikashika karatasi nizifungie, mkono ukakataa, nikazitia kwenye kopo lenye mfuniko. Niliporudi kutoka bombani kopo lilikuwa mezani na wewe haupo.

Baada ya hapo nilizunguka. Nilipita kwa wateja wangu wote ninaowajua, mmoja mmoja, kuuliza kama kuna aliyebakiza karatasi. Wengi walinishangaa. Nani anatunza karatasi ya bagia? Muuza vitenge ndiye aliyekuwa nazo nne, kazilaza chini ya majora zinyooke. Akaniambia, "Kumbe mama wa kwenye karatasi ni wewe? Sisi pale benchini tulikuwa tunakufuata wewe, si hizo filamu."

Sikumwelewa. Nikaja nazo nyumbani, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaweka kidole chini ya neno, nikasoma kurasa nne kwa siku mbili. Uliandika hivi kuhusu ile ya msichana mgonjwa: "Mama anasema huyu haumwi, mgonjwa gani anaamka midomo inang'aa. Nakubaliana na mama. Mtengenezaji ameogopa kutuonyesha ugonjwa." Na ukurasa mwingine: "Hapa mama alilia, akasema ni moshi wa jikoni, na jiko lilikuwa halijawashwa." Kila ukurasa nimo. Kumbe nilipokuwa nabwabwaja pale kitini wewe ulikuwa unaokota.

Basi nikasema, kama maneno yangu ndiyo yalikuwa nusu ya kazi, hiyo nusu naweza kuirudisha. Nikanunua daftari la jalada gumu. Nikafungua tivii, nikabonyeza kile kikatuni chenye jina lako kinachofungua filamu zako, nikaanza na ya kwanza. Eliza ananitafsiria siku asizokuwa na kipindi. Yeye si kama wewe. Mtu kwenye tivii anaongea mpaka mishipa inamtoka shingoni, halafu Eliza ananiambia, "Amesema sawa."

"Sawa tu? Maneno yote hayo?"

"Mama, amesema sawa."

Nimeshaandika filamu tisa. Sitazimwaga zote hapa, lakini chache uzione, unikosoe.

Ile ya msichana mgonjwa na mvulana mwenye gitaa. Nimebaki na msimamo wangu wa midomo. Tena nimeongeza: chumba cha hospitali kina maua kila upande na hakuna hata ndugu mmoja aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mgonjwa gani asiye na ndugu wa kumuuguza? Mvulana anaigiza vizuri akiwa kimya, akianza kuimba anapoteza. Ila mwisho ni mzuri, kwa sababu hakufa mbele yetu, tuliona kitanda kimetandikwa tu. Hapo nilifuta macho. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Ile ya shule ya matajiri, wanafunzi wanatumiana ujumbe wa kutishana na hawajui nani anautuma. Hii siipendi, na wewe nadhani uliipenda. Shule haina mwalimu hata mmoja anayeingia darasani. Watoto wanazunguka tu kwenye korido. Muziki unapigwa kwa nguvu kila panapokuwa na jambo, kana kwamba sisi hatuna akili ya kuogopa wenyewe. Aliyekuwa anatuma nilimjua mapema, alikuwa anatabasamu zaidi ya wenzake. Bi Tatu alisema ni mwenye duka, na mwenye duka alipita mara moja tu.

Ile ya Wakorea, ya msichana na mvulana wenye mwavuli mmoja. Hii ni nzuri, mwanangu. Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Hawasemi sana. Wanakula supu, mvua inanyesha, mvulana anasogeza mwavuli upande wa msichana na bega lake linalowa, na hakuna anayelitaja hilo bega. Niliirudia mara mbili.

Na nimeona jambo moja ambalo sijui kama wachambuzi wenzako wameliona. Kwenye hizi filamu za vijana mama hana kazi. Anasimama jikoni kwake ameshika kikombe, anamuuliza mtoto, "Uko sawa?" Mtoto anajibu niko sawa. Mama anaondoka na kikombe chake. Nilitaka kuliandika hili kama kosa la watengenezaji wa filamu, kwamba hawatujui akina mama. Nikashika kalamu, nikaiweka chini.

Sasa lile la pili.

Kuna ile filamu ya binti mrefu anayekorofishana na mama yake jikoni, mama anaosha glasi. Wewe ulitutafsiria na mimi naikumbuka siku hiyo vizuri, Bi Tatu alikuwa anapepeta mchele wake humo humo chumbani nikamgombeza kwa vumbi. Binti akaongea kwa muda mrefu na wewe ukatuambia polepole, bila kumtoa puani. Ulisema, "Anasema, mama, ninapoandika sichezi. Kuna vitu naviona, nisipoviandika vinanikaba. Hii ndiyo kazi ninayoitaka. Ungenisomea hata ukurasa mmoja."

Mimi nikajibu pale pale, nikimjibu mtoto wa kwenye tivii, "Mwambie aache kuringa, amsaidie mama yake vyombo!"

Bi Tatu akaangua kicheko, mchele ukamwagika. Midomo kule ndani inaendelea kucheza na wewe hutafsiri kitu. Nikakupigia kelele, "We Nasra, umelala? Tafsiri!" Ukasema, "Anasema sawa, mama."

Mwezi uliopita nimeiangalia filamu hiyo na Eliza. Nikakaa sawa, maana nilijua jikoni panakuja. Nilitaka safari hii nimsikilize yule binti vizuri. Eliza akasema, "Anaomba gari."

"Gari gani?"

"La mama yake. Kuna sherehe shuleni. Mama anakataa kwa sababu taa moja haiwaki."

Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Gari. Akarudisha tena. Gari na taa.

"Hasemi habari ya kuandika? Hasemi ungenisomea ukurasa mmoja?"

"Mama, humu hamna kuandika. Huyu binti mchezaji wa mpira wa wavu."

Nikamwambia sawa mwanangu, nenda kapumzike, kichwa kinaniuma. Akatoka. Nilibaki nimekaa, tivii imeganda na mdomo wa yule binti uko wazi.

Kesho yake nikamuuliza zile zingine. Msichana mgonjwa, ambaye wewe ulisema anaandika makala za gazeti na baba yake hajui? Eliza akasema hapana, huyu anafuga samaki. Yule wa shule ya matajiri, uliyesema ndoto yake ni kutunga? Hapana, anataka kuwa wakili. Na yule wa mwavuli, Nasra. Ulituambia anaficha madaftari chini ya kitanda kwa sababu hana mahali pengine. Eliza akaniambia, "Hakuna kitanda kwenye filamu hiyo, mama. Analala chini, kwenye godoro."

Filamu zote ulizonitafsiria zilikuwa na msichana anayeandika. Miaka miwili. Na mimi nilikuwa nimekaa pale nadhani ndivyo walivyo, Wazungu na Wakorea wote, kwamba watoto wao kila mmoja anaandika. Niliwahi hata kumwambia Bi Tatu, "Wenzetu bwana, watoto wao wote wana kalamu." Uliponisikia nikisema vile ulinitazama. Naikumbuka ile sura. Ulikuwa unangoja niseme sentensi moja zaidi, na mimi nikasema, "Haya, mafuta yamepoa, nipishe nikakande."

Nimejiuliza kwa nini hukuniambia tu, mdomo kwa mdomo, mama nataka hivi. Halafu nakumbuka. Uliniambia mara moja, tena mapema, ulipomaliza mtihani. Nikasema, "Kuandika si kazi, labda uandike barua za watu posta." Nilisema kwa mzaha. Sikukataa, nilifanya mzaha, na mzaha haujibiki. Kumbe ukatafuta njia nyingine ya kunifikia, ukanipitia kwa wasichana wa watu.

Sikukasirikii kwa kunidanganya. Nataka ulijue hilo, usije ukaogopa. Eliza anatafsiri kweli tupu, neno kwa neno, na filamu zenyewe kumbe ni ndogo hivi, mtu anaomba gari. Za kwako zilikuwa bora. Hiyo ndiyo nimeandika kwenye daftari, ukurasa wa tisa, kama uchambuzi wangu.

Huku nyumbani, mwanangu, kumekuwa kimya kwa namna ambayo Kariakoo haikubali. Nje wanapiga vipaza sauti mpaka magharibi, jengo la nyuma yetu linaongezwa ghorofa, vyuma vinagongwa kutwa, na ndani mwangu hakuna sauti. Saa nane ikifika mwili unakaa wenyewe kwenye kiti. Bi Tatu anakuja na mkeka wake, anakaa, baada ya muda anasema, "Shoga, na huyu Eliza wako mbona anatafsiri kama anatoa ushahidi mahakamani?" Tunacheka kidogo. Wabeba marobota hawasimami tena. Mmoja aliuliza mara moja, "Dada mtafsiri kaolewa?" Nikamjibu yupo Dodoma kwa baba yake mdogo. Akasema, "Basi mwambie tumemmiss." Akaenda na robota lake.

Bagia sasa nafungia mifuko ya kaki, ile ya kununua. Wateja wanalalamika haina cha kusoma.

Jambo la mwisho, halafu nikuache.

Kwenye kikatuni chako, miezi yote hii, mistari myekundu iliyokuwa inasogea chini ya filamu, ile inayoonyesha mtu ameangalia mpaka wapi, ilikuwa yangu. Wewe hukuwa unagusa. Nilijua kwa sababu nilikuwa natazama kila siku, na hilo liliniumiza kuliko simu usizopokea. Nilisema nimemuulia mtoto hata hamu ya kuangalia. Juzi Jumanne nimefungua nikakuta filamu mpya ambayo mimi sijawahi kuiona. Picha ya msichana amesimama kituoni na sanduku. Chini yake mstari umefika katikati.

Nilimwita Bi Tatu kwa sauti mpaka akaja na sabuni mikononi. Nikamwambia, "Anaangalia! Nasra anaangalia tena!" Akauliza, "Umeifungua?" Nikasema sijaifungua. Naogopa, Nasra. Eliza aliniambia nikiibonyeza mimi nikaanza upya, mstari utarudi mwanzo na wewe utapoteza ulipofikia. Kwa hiyo sijaigusa, na rimoti nimeiweka juu ya kabati ili Bi Tatu asije akaikalia. Eliza amejitolea kuniwekea kwenye simu yake niione yote. Nimemkatalia.

Sikuombi urudi. Dodoma nasikia hewa nzuri, na duka lina karatasi za kutosha, zisizo na mafuta. Andika huko huko. Siombi hata unisamehe leo, maana sijui kama mtu anasamehewa madaftari manne kwa barua moja. Naomba siku moja, saa nane ya mchana, unipigie. Uiweke simu karibu na tivii yako, na mimi nitaifungua huku, tuendelee hapo ulipoachia, katikati. Nilichokikosa mwanzoni nitakikisia. Utanitafsiria unavyotaka wewe, kwa sauti ya puani au ya kawaida, na yule msichana wa kituoni umsemee lolote.

Akianza kuongea na mama yake, mimi nitanyamaza mpaka amalize.

Ni mimi, mama yako anayekungoja hapa Kariakoo,

Mama Nasra